Shosho wa langoni

Wiki hii daktari mwanagenzi wetu mpya aliniuliza katikati ya zamu: "Daktari, zile siku mia za mgomo mlikuwa mnakula nini?" Nilimwambia tulikopa, maana mishahara ilikuwa imesimamishwa. Akaridhika, akaendelea na faili zake. Mimi kimawazo nilikuwa nishafika langoni mwa hospitali, kwa shosho.

Mgomo huo wa madaktari wa Kenya tuliuanza Desemba 5, 2016. Tulidai CBA, mkataba wa pamoja kati ya chama chetu na serikali uliotiwa saini Juni 2013, itekelezwe. Redioni walitaja nyongeza ya asilimia 300 kila taarifa ya habari, na wananchi wakaamini ni tamaa ya mshahara basi. Mshahara ulikuwemo, na sioni haya kuutetea. Lakini mkataba ule ulitaja pia saa za kazi, madaktari zaidi wa kuajiriwa, masomo ya ubingwa na hali ya hospitali zenyewe. Katika wadi yetu ya watoto, kuna usiku tuliobaki na mtungi mmoja wa oksijeni na watoto wanaouhitaji ni wengi, halafu daktari wa zamu aamue nani atangulie. Kwangu mimi mgomo ulianzia hapo.

Ilikuwa Januari, jua la saa nne. Tumevaa makoti meupe, matawi mikononi, tunaimba "Lipa kama tenda!", yaani mtulipe kama mnavyolipa zabuni. Bango langu nililiandika mwenyewe: WATOTO WANATAKA OKSIJENI, SI AHADI. Shosho akashuka kwenye boda boda, mjukuu mgongoni kwenye leso. Kabla hata hajaongea nilikuwa nishaanza kuhesabu pumzi za yule mtoto. Matundu ya pua yalikuwa yakitanuka, mbavu zikivutwa ndani.

"Umeandika nini hapo, mwanangu?"

Nikamsomea. Akalitazama bango kwa muda, kana kwamba herufi zingemwambia zaidi ya nilichosema.

"Ni kweli," akasema. "Kakake huyu alifia humo ndani. Tuliambiwa hewa imeisha. Simameni tu hapo, msiondoke." Kisha akamweka mtoto vizuri mgongoni. "Sasa mimi huyu nimpeleke wapi?"

Wimbo ulikatika upande wetu. Waliokuwa nyuma hawakusikia, wakaendelea kuimba. Nililaza bango chini, nikamshika mtoto, nikaweka sikio kifuani kwa sababu stethoskopu niliiacha nyumbani. Nimonia, na ilikuwa imekomaa. Wadi ilikuwa imefungwa, na afisa wa kliniki aliyebaki ndani alikuwa na foleni iliyofika uani. Mwenzangu akapiga simu hospitali ya misheni, wengine wakachanga nauli, tukasimamisha gari. Shosho alitubariki sote, mmoja mmoja, akiharakishwa na dereva. Mtoto yule sijui kama alipona. Namba ya simu hakuwa nayo.

Yaliyofuata yako kwenye magazeti. Februari 13, viongozi wetu saba walifungwa mwezi mmoja kwa kukaidi amri ya mahakama. Siku mbili baadaye Mahakama ya Rufaa ikawaachilia. Machi 14 tukatia saini mkataba wa kurudi kazini. Haukupita muda, Tanzania ikakubali kutuletea madaktari 500, ilhali tulikuwa na wenzetu wenye digrii wasio na ajira. Baadhi ya madaktari wa Kenya wakaenda kortini kupinga.

Nimewahi kuambiwa na watu ninaowaheshimu kwamba daktari hagomi. Huwa nawauliza kama waliwahi kusimama mbele ya mtungi ule mmoja. Na bado, nikimkumbuka shosho, siwezi kusema kwamba gharama ya mgomo tuliilipa sisi. Aliyeilipa ni yeye, na ndiye aliyetuambia tusiondoke. Haya mawili nimeyabeba pamoja miaka yote hii na sijaweza kuyapatanisha.

Mwaka 2024 tuligoma tena, kuanzia katikati ya Machi hadi Mei 8, safari hii posho za wanagenzi zikiwa mbele kabisa. Katika mkutano wa kwanza wa tawi la chama chetu niliomba jambo moja: kila asubuhi daktari mmoja akae langoni na stethoskopu, orodha ya hospitali zilizo wazi, na pesa za nauli tulizochanga. Wengine walisema hivyo ni kuudhoofisha mgomo. Tulibishana hadi usiku, tukapiga kura, nikashinda kwa kura chache. Hata hivyo kuna watu waliofika pale ambao nauli na orodha havingeweza kuwasaidia.