Inchi 14 na nusu

Nilijiapiza nisiandike mpaka hasira ipoe. Imepoa, lakini lile neno halijatoka kichwani. Niko barazani, saa nne ya usiku, na bado namsikia yule kijana wa dirishani kule hospitalini: "Sasa mama, kama ulishamaliza, umekuja kufanya nini?"

Hakunitukana. Hapo ndipo panaponiuma. Shikamoo alinipa, benchi alinionyesha, na swali lenyewe aliliuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kweli kujua. Angenifokea ningelalamika kwa wakubwa zake, nikalala.

Ilikuwa Jumanne. Nilikuwa nimewaachia darasa la nne zoezi la sehemu, nikamwomba mwalimu wa Kiswahili awaangalie, nikapanda bodaboda. Kule hospitalini faili likatafutwa mpaka likapatikana. Kijana akalipekua akaifikia barua niliyopewa Dar nilikotibiwa saratani ya ziwa, ile ya nusu ukurasa, wino umefifia pale mvua iliponinyeshea nikishuka kwenye treni. Akaisoma kwa kidole. "Hapa wameandika umemaliza matibabu."

Nikamwambia, "Ndiyo baba, dripu nilimaliza, na mionzi nilimaliza. Nimekuja kwa ajili ya mkono, umevimba."

Akauangalia mkono kupitia lile tundu la kioo. Akarudi kwenye karatasi. "Hapa mkono hawajauandika." Ndipo akalisema hilo neno.

Na mimi, mwalimu kwa miaka kumi na tisa, ninayewafundisha watoto wa watu kunyoosha mkono na kusema, nikajibu "haya, ahsante," nikaondoka. Ahsante ya nini? Tangu Jumanne namjibu. Nikisonga ugali namjibu, nikisahihisha madaftari namjibu. Namwambia: baba, kumaliza dripu si kumaliza. Nina kidonge cha tamoksifeni cha kila siku kwa miaka mitano, na huu ni wa pili. Usiku napandwa na joto mpaka shuka linalowa. Ziwa moja sina. Kila kiuno kikiuma siku mbili najiuliza kama ugonjwa umerudi. Nimemaliza nini?

Wiki hii mwalimu mkuu mpya ameripoti, mdogo wangu wa Kasulu amejifungua salama mtoto wa kiume na akika ni Jumapili, na Baba Watoto amerudi kutoka Kalemie na mzigo wote bila hasara. Alhamdulillahi kwa yote, nitayaandika siku nyingine.

Mnaonisoma siku zote, mkono mnaujua. Niliuandika mara ya kwanza msimu wa maembe, ulipoanza kukataa bangili. Asubuhi unakuwa mwepesi. Nikishaandika ubaoni vipindi vitatu unaanza kuwa mzito kuanzia kiwiko kushuka, kama nimeshika ndoo ambayo siruhusiwi kuitua. Jioni nikibonyeza kwa dole gumba juu ya kifundo, shimo linabaki. Nahesabu mpaka nane ndipo linajaa. Na kusahau siwezi, kwa sababu mara tano kwa siku natia udhu, na mkono wa kulia ndio wa kwanza kuoshwa mpaka kiwikoni. Naupitishia maji taratibu, maana kiganja changu cha kushoto kilishaujua ulivyokuwa zamani na kila mara kinashtuka.

Sababu yake ninaielewa sasa. Walipoondoa ziwa waliondoa na tezi za kwapani, kwa kuwa ugonjwa ulishafika huko. Tezi zile ndizo njia ya majimaji ya mwili kurudi yanakotakiwa. Njia ikikatwa, na mionzi ikapita juu yake, maji yanakosa pa kupita, yanatuama mkononi. Kwa mwingine huja baada ya miezi, kwa mwingine baada ya miaka. Haya sikuambiwa siku ya kuruhusiwa. Aliyenionya ni mgonjwa mwenzangu wa kitanda cha pili, mama mmoja wa Mtwara, wakati ananisaidia kufunga begi: "Dada, mkono huo usiuchotee maji, wala usikubali wakupimie presha hapo." Nilidhani ni mambo ya kienyeji, kumbe alikuwa ameshapita njia hiyo.

Barua yangu ilisema rudi kliniki baada ya miezi mitatu. Basi. Kutoka Kigoma mpaka Dar kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na unapofika unahitaji pa kulala. Mara ya kwanza nilikwenda, nikapapaswa, nikaulizwa maswali mawili matatu, nikaambiwa naendelea vizuri. Mara ya pili nilikopa nauli. Mara ya tatu sikwenda, na sikupigiwa simu na mtu kuulizwa mbona hujaja. Nikienda hospitali ya huku wananiambia wewe ni wa kule. Nikipiga simu kule wananiambia anza na hospitali ya huku.

Nisichokikubali ni mtu kuniambia kwamba ndivyo nchi yetu ilivyo. Kufuatilia watu tunakujua. Mama akikosa kumpeleka mtoto chanjo, mhudumu wa afya wa mtaa wetu anatembea na jua la saa saba kuulizia nyumba hadi nyumba. Nimemwona kwa macho yangu. Mtu wa CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, ana kadi yake yenye tarehe ya kurudi, dawa anazotumia na uzito wake wa kila mara, na akipitisha siku anapigiwa simu, anafuatwa. Kadi ya kliniki ya kifungua mimba wangu ninayo mpaka leo, na ule mstari wa uzito unaopanda, na yeye sasa ni mtu mzima anayesomea uuguzi Tabora. Mimi niliyetolewa saratani mwilini kadi yangu iko wapi?

Nilimwandikia hayo huyo kifungua mimba wangu Jumanne ile usiku kwenye WhatsApp, maneno marefu yasiyo na nukta. Akanijibu alfajiri. Ameniambia kuna daktari wa Marekani, Fitzhugh Mullan, ambaye naye aliugua saratani akiwa kijana, na mwaka 1985 aliandika kwamba matabibu ni kama watu waliojifunza ufundi mkubwa wa kumwopoa mtu anayezama, lakini wakishamtoa majini wanamwacha gatini akohoe peke yake. Na kwamba mwaka 2006 hukohuko Marekani ilichapishwa ripoti ya kitaalamu iliyotaka kila anayemaliza tiba ya saratani apewe maandishi: ugonjwa wake ulikuwa upi, amepewa nini na kiasi gani, madhara gani ayatarajie, apimwe nini na lini, na nani atamhudumia.

Niliyasoma hayo ya gatini mara tatu. Sisi tumezaliwa pwani ya ziwa. Mtu akiopolewa hapa Ujiji hakuna anayemwambia "ulishatoka majini, unakaa hapa kufanya nini?" Anavuliwa nguo mbichi, anafunikwa khanga ya yeyote aliye karibu, anapelekwa motoni, anapewa uji, na usiku ule kuna mtu anakesha naye akisikiliza pumzi zake. Kama tunajua kumfanyia hivyo mvuvi tusiyemjua hata jina, siamini kwamba hatuwezi kumfanyia mgonjwa aliyekaa wodini miezi.

Basi nilikuwa na uchungu huo mpaka Alhamisi, nilipokwenda Mwanga, hapahapa Kigoma, kwa fundi kupimwa gauni la akika.

Fundi huyu ananishonea tangu sijaolewa. Ni mzee wa maneno machache, pini mdomoni, futi shingoni. Nilipotoka Dar bila ziwa hakuuliza. Alikata tu kifua cha gauni upya, likakaa mwilini vizuri, nikatembea mjini bila kujikunyata. Alhamisi alinipima mabega, kiuno, urefu, kisha mkono wa kushoto. Halafu, bila kuambiwa, akauzungushia futi ule wa kulia, juu ya kiwiko, akaiachia ilegee kidogo isinibane. Akalifungua lile daftari lake lenye jalada la gazeti, akaufikia ukurasa wangu. Akanyamaza. Akazitoa pini mdomoni.

"Mwalimu," akasema, "mkono huu kwenye sare ya harusi ya wifi yako ulikuwa 13. Iddi ulikuwa 13 na nusu. Leo ni 14 na nusu. Huu mwingine haujatoka kwenye 12 na nusu miaka yote. Umeupeleka hospitali?"

Nilishindwa kumjibu. Nilikaa kwenye kigoda cha wateja, pale kati ya vitambaa, nikalia kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Kwenye ule ukurasa wenye alama za mafuta ya cherehani kuna vipimo vyangu vyote: kabla ya ugonjwa, nilivyokonda wakati wa dripu, nilivyorudi, na mkono ulivyokuwa unapanda kidogo kidogo nami nikidhani labda ni uchovu. Kila kipimo kina jina la sherehe yake. Mtu alikuwa ananiandika. Fundi aliniona napangusa machozi kwa kiganja, akanichania kipande cha kitenge nijifute, akarudi kwenye chaki yake. Akasema, "Mkono wa kulia nitauachia akiba ya kitambaa kwa ndani, inchi mbili. Ukipungua tutabana, ukiongezeka tutaachia. Wewe vaa tu."

Nimelirudia hilo nalo mara nyingi, hadi limeanza kulifunika lile la dirishani.

Ukurasa nimeupiga picha, nikamtumia mwanangu. Kifungua mimba akanipigia papo hapo. Anasema mkono mmoja ukiuzidi mwenziwe kwa sentimita 2 tu, tayari ni jambo la kuangaliwa, na mimi nimezidi mara mbili ya hapo na ushee. Amenifundisha kwa video kufungua na kukunja kiganja mkono ukiwa juu, kupaka mafuta ngozi isipasuke, kuvaa glavu nikipara samaki. Na amenilisha kiapo: siku mkono utakapokuwa mwekundu na wa moto, au homa ikinipanda, nisisubiri kesho. Anasema kuna soksi maalumu ya mkono inayobana, na mtaalamu wa viungo ndiye wa kunipima na kuniambia ni ya namna gani.

Jumatatu narudi dirishani. Nimeandika karatasi yangu mwenyewe kwa mwandiko wa ubaoni: tarehe ya upasuaji, upande, tezi zimetolewa, dripu ngapi, mionzi, kidonge na siku nilipokianza, na chini yake vipimo vya fundi na sherehe zake. Nitatoa kopi mbili. Moja nitamwomba yule kijana aitie kwenye faili, juu ya ile barua. Akiniuliza nimekuja kufanya nini nitamwambia nimekuja kupimwa. Na kama kuna mama mwingine wa Kigoma anayesoma hapa na ana faili kama langu, aniandikie, twende siku moja, tukae benchi moja.

Gauni litakuwa tayari Jumamosi.

Sasa nikalale, ila silali. Kitinda mimba wangu ana mtihani wa kidato cha nne mwaka huu, na jana nikifua suruali yake nimekuta magamba ya dagaa mfukoni. Baba yake sijamwambia. Mwezi umeshaanza kuisha, usiku wa giza unakuja na mitumbwi itatoka yote, na jioni hii, tukiwa tunakula, kaniuliza ile tochi kubwa siku hizi inakaa wapi.