Waliotutengenezea Kimya Kule Usambara

Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitaonyesha picha kumi na moja katika ukumbi mmoja wa Mikocheni, na jana mratibu wa ukumbi aliniandikia akiomba majina ya watu ninaotaka kuwashukuru, ili ayachapishe kwenye karatasi itakayobandikwa mlangoni. Aliniomba nisizidishe mistari mitatu. Tangu asubuhi nimekaa na karatasi hiyo hapa nyumbani Tandika, huku fundi wa jirani akigongelea misumari kwenye kitanda cha mteja wake, na nimeona kwamba mistari mitatu haiwezi kubeba deni nililonalo. Ndiyo maana ninaandika hapa, ambapo hakuna anayenihesabia.

Picha zote kumi na moja zilianzia katika nyumba moja ya wasanii iliyo kwenye milima ya Usambara, mwendo wa kama saa moja kwa bodaboda kutoka Lushoto mjini, ambako nilikaa wiki sita mwaka jana, katika baridi ya Juni na Julai. Wachoraji tumezoea kuiita residensi: msanii hupewa chumba cha kulala, chumba cha kazi, chakula, na muda ambao hakuna anayemdai. Anayetoka Dar es Salaam hupanda basi Mbezi, hupita Chalinze, Segera na Korogwe, hufika Mombo akiwa bado anatokwa na jasho, kisha huanza kupanda barabara ya kona nyingi, zaidi ya kilomita 30, hadi atafute sweta kwenye begi. Nilipofika, kilichonishangaza kuliko vyote kilikuwa kimya. Niliamini kwamba kimya kile ni mali ya mlima, kitu kinachopatikana bure kama ukungu, na ilinichukua zaidi ya wiki mbili kutambua kwamba kilikuwa kazi ya watu.

Mpishi wa nyumba ile ni mjane wa umri wa mama yangu mzazi, na sote, hata mgeni mwenzetu aliyetoka Ujerumani, tulimwita Mama. Alifika kila siku wakati wa adhana ya alfajiri, sweta juu ya kanga mbili, na kabla hajawasha moto alihakikisha kwanza kwamba hakuna kitakachopiga kelele. Kuni alikuwa amezipasua jioni iliyotangulia ili shoka lisisikike asubuhi. Maharage alikuwa ameyaloweka usiku. Mbuzi wa jirani, aliyezoea kulia chini ya dirisha langu, alihamishiwa ng'ambo ya migomba baada ya mazungumzo ambayo mimi sikuyasikia, na ambayo, nilikuja kuambiwa baadaye, yalimgharimu Mama maganda ya viazi kila siku kwa muda wote tuliokaa pale.

Saa sita na nusu mchana aliweka kikapu juu ya jiwe lililo mlangoni pa kila msanii. Ndani yake kulikuwa na makande, au ugali na mboga za majani zilizoungwa kwa karanga, au viazi na kipande cha nyama, vyote vimefunikwa kwa kawa, pamoja na chupa ya chai ya maziwa yenye tangawizi. Hakubisha hodi. Kwa mtu aliyelelewa Uswahilini, kufika mlangoni pa mwenzio na kuondoka bila hodi ni utovu wa adabu, na siku moja nilimuuliza kama jambo hilo halimsumbui. Alinijibu, “Mwanangu, hodi ni ya mtu anayetaka kuingia. Mimi sitaki kuingia, nataka ule.”

Kikapu kiliporudi jikoni, alikisoma. Msanii aliyekwama, aliniambia, hula mboga akaacha ugali. Aliyezama katika kazi humaliza sahani akasahau chai. Katika wiki yangu ya pili nilirudisha ugali siku tatu mfululizo. Siku ya nne hakuniuliza neno, ila aliniomba nimsindikize kwa mfinyanzi kununua chungu, kwa sababu, alisema, miguu yake inamuuma na asingependa kutembea peke yake. Tulitembea saa nzima. Tulimkuta mwanamke wa makamo akifinyanga bila gurudumu, chungu kimetulia chini na yeye ndiye anayekizunguka, ameinama, akirudi kinyumenyume hatua kwa hatua huku akiulainisha ukingo kwa kidole kilicholowa. Picha tatu kati ya kumi na moja zimetokana na mzunguko ule. Mama hakuhitaji chungu. Nilikiona mwishoni mwa safari yangu, bado kikiwa kikavu juu ya rafu, pamoja na vingine vinne. Ninaamini kila kimoja kilinunuliwa kwa ajili ya msanii aliyerudisha ugali.

Kuna kikapu kingine kinachojulikana sana katika historia ya nyumba za namna hii. Marian MacDowell, mpiga piano wa Marekani, alinunua shamba huko Peterborough, katika jimbo la New Hampshire, mwaka 1896, akamjengea mumewe, mtunzi wa muziki Edward MacDowell, kibanda cha magogo msituni, na mchana alimwachia chakula mlangoni ili asimkatize. Mwaka 1907 shamba hilo likawa makazi ya wasanii. Edward alifariki mwanzoni mwa 1908, na Marian, aliyeishi hadi 1956, aliliendesha kwa miongo kadhaa, akisafiri mji hadi mji kupiga piano na kuzungumza na vyama vya wanawake ili apate fedha. Alikuwa mwanamuziki kamili, na muziki wake akaugeuza kuwa kuni za jiko la wengine. Mwandishi James Baldwin ni mmoja wa waliofanya kazi mahali hapo, na hadi leo chakula cha mchana huachwa mlangoni katika kikapu. Wasanii husaini majina yao kwenye vibao vya mbao vinavyowekwa ndani ya studio, desturi ninayoipenda kwa dhati. Hata hivyo kila ninapoifikiria huwakumbuka wale waliobeba vikapu kwenye theluji kwa zaidi ya miaka mia moja, ambao vibao hivyo havikutengenezwa kwa ajili yao.

Mlinzi wetu tulimwita Babu. Mchana alilima karoti katika kipande cha shamba nyuma ya nyumba, usiku alivaa kabuti na kuzunguka na tochi, na sijui alilala saa ngapi. Nilifikiri analinda mali. Usiku mmoja, nilipotoka kwenda msalani, nilimkuta ndani ya chumba changu cha kazi akifunga dirisha nililolisahau, kisha akiondoa karatasi zangu kwenye meza iliyo karibu na ukuta na kuziweka juu ya kiti kilicho mbali na unyevu. Ukungu wa kule huingia kama mgeni, huharibu karatasi kabla ya alfajiri. Alikuwa akifanya hivyo katika vyumba vyote, kila usiku, na hakuwahi kumwambia mtu. Nilipomshukuru alisema tu, “Lala, mjukuu wangu, kuna baridi.” Yeye ndiye pia aliyepanga suala la watoto wa kijiji, waliokuwa wakija kuchungulia madirishani. Hakuwafukuza. Alikaa nao chini ya mti, akawaambia kwa Kisambaa kwamba Jumamosi saa nane milango yote itakuwa wazi na wataruhusiwa kuuliza chochote, na sisi tukaja kuambiwa baada ya ahadi kutolewa. Zile Jumamosi zilikuwa maonyesho bora kuliko mengi niliyowahi kushiriki mjini.

Sisi watu wa Dar es Salaam tungepaswa kuwa wa mwisho kumdharau mlinzi. George Lilanga, ambaye michoro na sanamu zake za mashetani zimefika katika majumba makubwa ya sanaa ya dunia, alipokuja mjini hapa mwanzoni mwa miaka ya 1970 alianza kama mlinzi wa usiku katika Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa mwaka 1972, kabla ya kupewa nafasi ya kuchora na kuchonga pale pale. Na Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora mwaka 1968, picha zake ziliuzwa Oysterbay na mkewe, Agatha. Jina la mume limekuwa jina la mtindo mzima, lakini ni wangapi kati yetu tunaoweza kulitaja la mke?

Wapo wengine ambao nitawataja kwa ufupi, kwa sababu tu sikuishi nao kwa karibu. Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu aliyeirithi kutoka kwa baba yake, na aliyekataa kuigeuza kuwa nyumba ya kulala watalii ingawa ingemlipa zaidi. Mwenyekiti wa kitongoji alimwandikisha kila mgeni katika daftari lake na kupita kila wiki kutujulia hali. Kijana wa bodaboda alinipandishia fremu sita za mbao kutoka Lushoto zikiwa zimefungwa mgongoni pake kama mbawa, na hakuna hata moja iliyopinda.

Katika wiki ya nne kulitokea msiba kijijini. Alifariki mzee mmoja anayeheshimika, na tangu usiku ule Mama, Babu na msichana anayesaidia kufua walikuwa msibani, kama inavyopasa. Asubuhi tuliamka wasanii watano, jiko limepoa. Mmoja alijaribu kuwasha moto kwa kuni mbichi, moshi ukaijaza nyumba. Mwingine alikwenda kisimani, akarudi na ndoo nusu baada ya dakika arobaini. Mbwa alibweka mfululizo kwa kuwa hakuna aliyejua hula nini. Kufikia saa tisa hakuna aliyekuwa ameshika brashi, na mwenzetu mmoja alisema kwa hasira kwamba tulipaswa kupewa taarifa mapema, kana kwamba kifo hutoa taarifa. Mimi nilikaa kimya, na ninaona aibu hadi leo, kwa sababu moyoni nilikuwa ninakubaliana naye.

Jioni mwalimu alikuja na kutuketisha sebuleni. Hakupandisha sauti. Alitueleza kwamba nyumba ile inasimama kwa sababu kijiji kinaibeba, na kwamba siku ya msiba msanii hupumzika kazi yake na kwenda kuzika. Kesho yake tulikwenda. Tulitoa rambirambi, wanaume wakaenda makaburini, sisi wanawake tukakaa na wenzetu nyuma ya nyumba tukimenya viazi vya kulisha waombolezaji. Mama alikuwa pale anasimamia sufuria tatu kubwa, na nilipomwona akipika kwa ajili ya watu mia kadhaa kwa utulivu ule ule alioutumia kwetu, nilielewa ujuzi wake ni wa kiwango gani. Sheria ile sasa imeandikwa kwenye karatasi ambayo kila msanii husaini anapofika, na ninaiona kuwa sheria bora kuliko zote za nyumba ile.

Mwezi Machi mwaka huu mwalimu aliniomba nimsaidie kuandaa andiko la mradi kwa ajili ya wafadhili fulani. Fomu ilikuwa na nafasi pana ya posho ya msanii, nauli ya msanii, vifaa vya msanii, na maonyesho. Mpishi na mlinzi waliangukia kwenye gharama za uendeshaji, zilizowekewa ukomo, pamoja na umeme na vocha za simu. Tuliandika barua ya kuomba mishahara yao ihamishiwe kwenye shughuli za mradi, tukieleza kwamba bila wao hakuna picha, wala shairi, wala wimbo unaoweza kutoka pale. Tulijibiwa kwa upole kwamba muundo wa fomu haubadiliki. Ninawaheshimu wanaotoa fedha zao kwa ajili ya sanaa katika nchi ambayo fedha hizo ni chache; lakini jibu lile ninalipinga kwa nguvu zangu zote. Fomu imetengenezwa na watu, na watu wanaweza kuiandika upya. Mama analipwa kwa mwezi kiasi ambacho ni chini ya bei niliyoiweka kwenye picha ndogo kuliko zote kumi na moja, na siwezi kuiangalia ile bei bila kuona hivyo. Asilimia kumi ya nitakachouza itapanda mlimani, na nimewaandikia wasanii wenzangu wanne wa msimu ule wafikirie kufanya vivyo hivyo. Watatu wamekubali.

Jambo lililoniuma zaidi nililigundua siku ya kuondoka. Rangi za mafuta hukauka polepole, na kwenye baridi ndiyo kabisa, kwa hiyo picha zangu nilizifunga zikiwa bado mbichi na hazijakamilika, nikaja kuzimalizia hapa Tandika. Mama aliwahi kuwapikia wasanii wengi, na hajawahi kuona kazi yao hata moja ikiwa imekamilika na imetundikwa ukutani. Nilimpigia simu wiki iliyopita kumwomba aje. Alikaa kimya, akauliza nani atawapikia waliopo, nikamwambia mwalimu ameshapata mtu wa siku nne. Akauliza tena, “Hizo picha, mwanangu, zinatazamwa umekaa au umesimama? Maana miguu yangu unaijua.”

Nilimwandikia mratibu wa ukumbi leo mchana. Majina ya watu wa kule mlimani yatakuwa kwenye karatasi ya mlangoni, yote, hata kama itabidi herufi zipunguzwe, na mbele ya picha tatu za mfinyanzi pamewekwa benchi. Basi la Mama linaingia Mbezi Ijumaa jioni, nitakwenda kumpokea.