Swali la Baba kwa Mhadhiri

Mwaka 1970 Mlimani palikuwa ndiyo kwanza pamekuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nami niko mwaka wa kwanza. Mwenzangu wa chumbani alinishawishi niache misa ya Jumapili, twende darasa la itikadi. Lilikuwa la hiari, likiendeshwa na wanafunzi wa USARF, chama cha wanafunzi wanamapinduzi, wale waliotoa jarida la Cheche, wakishirikiana na wahadhiri wa mrengo wa kushoto. Watu hudhani Mlimani nzima ilikuwa nyekundu. La hasha. Wengi wetu tulitaka shahada na kazi serikalini. Makomredi walikuwa wachache, ila walisoma mno na hawakuogopa kusimama.

Mada ilikuwa matabaka vijijini. Mhadhiri, mgeni kutoka ng'ambo, alieleza kuwa Azimio la Arusha litakwama iwapo wakulima wakubwa wanaoajiri vibarua wataachwa wazidi kutajirika. Akataja Kilimanjaro, akataja Bukoba. Damu ikanichemka. Kibanja cha baba kiko Bukoba. Kahawa yake ndiyo iliyonilipia karo kabla ya Uhuru.

Nikasimama. "Ndugu mhadhiri, baba yangu huamka kabla ya jogoo. Naye ni mnyonyaji?"

Wengine walianza kunizomea. Aliwakatiza, akaniuliza: "Nani huichuma kahawa hiyo? Hulipwa nini? Hulala wapi?"

Niliwajua. Walitoka Ngara na Burundi msimu wa mavuno, wakalala kibandani nyuma ya migomba. Majina yao nilikuwa nayo, ujira wao sikuujua, na nikasema hivyo. Kisha nami nikamuuliza: bei inaamuliwa London, baba akitaka kuwaongeza, atoe wapi?

Tulivutana hadi waliokwenda kanisani wakarudi. Mwishowe akaniomba nilete hesabu za kibanja chetu, nizisome mbele ya wote, hata kama zitampinga. Kwa hilo namheshimu hadi leo. Baadaye nilifundishwa na watu waliodai hawana upande wowote, nao hawakustahimili swali hata moja.

Nilimwandikia baba. Alijibu kwa ukamilifu: magunia, makato ya ushirika, ujira wa kila kibarua. Chini kabisa akaongeza: "Muulize mwalimu wako, mshahara wake na chakula chenu hapo chuoni vinatoka kwenye kahawa ya nani?"

Nikalisoma swali lake darasani lilivyo. Asubuhi ile vibarua wa Bukoba tuliwaweka kando, tukajijadili sisi wenyewe, posho zetu na mishahara ya wahadhiri. Ubishi huo ulikuwa haujaisha Novemba ilipofika, USARF na Cheche zikapigwa marufuku.