Hivi kina Steere ni wa wapi?

Ukianza stori za Masasi ya 1876 lazima Askofu Edward Steere, yule mmisionari Mwingereza wa Kianglikana, atajwe, wale watu waliokombolewa utumwani alitoka nao Zanzibar wakielekea Ziwa Nyasa, wakaishia hapa hapa kwenye haya majabali yetu. Mi nikaanza kulifuatilia lile jina, maana hata huko Uingereza wenye nalo ni wachache.

Chimbuko lake kubwa ni Surrey, kusini mwa London, vijiji kama Ockley. Inasemekana lilianza kama jina la utani, la ng'ombe dume mchanga, yani babu alikuwa na nguvu au mbishi (mi nasema mbishi). Karne ya 17 tawi moja likavuka bahari mpaka Rhode Island, Marekani, likazaana kweli kweli, na James Lee Steere wa familia ya Ockley akaibukia Australia Magharibi, 1890 akawa spika wa kwanza wa bunge lao.

Sisi huku mtoto anabeba jina la baba, mjukuu analiacha, vizazi vitatu tu karatasi hazikusaidii kitu, kamuulize bibi.