Tulivyobana umeme wa ukumbi wa kijiji kabla ya kununua paneli

Kila niliyemwambia kwamba umeme wa ukumbi wetu unatumaliza alinijibu neno moja: sola. Ushauri huo uliniudhi na bado unaniudhi, kwa sababu hakuna aliyeuliza kwanza umeme wenyewe unakwenda wapi. Ukumbi unatumika jioni chache tu kwa wiki, lakini uniti zinaisha kana kwamba ndani kuna kiwanda.

Jibu lilikuwa kwenye mita. Mita nyingi za kielektroniki zina kijitaa kinachometameta, na pembeni yake pameandikwa kinameta mara ngapi kwa uniti moja. Yetu imeandikwa 1000. Kwa mita ya namna hiyo, hesabu sekunde kati ya mmeto mmoja na unaofuata, kisha gawanya 3600 kwa sekunde hizo: unapata wati zinazotumika papo hapo. Nilihesabu mchana, milango imefungwa, hakuna mtu ndani. Sekunde 12. Yaani wati 300 zinakwenda katika ukumbi mtupu! Kwa wiki ni uniti 50 hivi, na mkutano haujafanyika hata mmoja.

Hapo nikapata ari. Nilizima swichi moja moja kwenye boksi la umeme, na kila nikizima narudi kuhesabu. Ya kwanza hakuna badiliko. Ya pili hakuna. Ya tatu, sekunde zikaruka kutoka 12 hadi 24. Nusu ya mzigo wote! Nilizunguka ukumbi mzima nikitafuta, mpaka nikaikuta nyuma ya stoo: taa kubwa ya halojeni, inawaka mchana kweupe ikimulika ukuta usiopitwa na mtu. Kilichobaki kilikuwa amplifaya iliyofungiwa kabatini ikiwa imewashwa, na friji tupu ya jikoni ambayo mpira wa mlango wake umechakaa. Ukibana karatasi kwenye mlango wa friji ikachomoka bila kukwama, badilisha mpira. Kumaliza haya yote kulitugharimu fedha kidogo mno, na fundi wa sola alipopewa hesabu mpya alipunguza paneli alizokuwa ametuandikia.

Kisha joto. Tuliambiwa tuongeze feni. Nilikataa, na nafurahi kwamba nilikataa. Feni haipozi chumba. Inampoza mtu kwa kusaidia jasho likauke. Chini ya bati kuukuu lenye kutu, lililochomwa na jua kutwa, feni inazungusha hewa ya moto tu. Tulikwangua kutu, tukaliosha bati, tukapaka rangi nyeupe ya kuakisi jua. Hapo ndipo penye gharama kubwa, lakini msiruke kuosha, maana rangi juu ya vumbi hubanduka. Halafu tulitoboa matundu juu ya kuta za pande mbili, tukaweka wavu wa kuzuia popo. Hewa ya moto hupanda. Ikipata pa kutokea juu, huvuta ya baridi kupitia madirisha ya chini. Jioni sasa watu wanakaa hadi mwisho wa mkutano, na mara nyingi feni hata haziwashwi.

Taa za tyubu za wati 36, ambazo choki yake, yaani kifaa kinachodhibiti umeme wa tyubu, nayo inakula umeme, tulibadilisha kwa LED za wati 18. Hapa muiteni fundi umeme, kwa kuwa tyubu nyingine za LED zinataka choki iondolewe na nyingine haziitaki iguswe. Akiwa bado kwenye ngazi, mwambieni atenganishe swichi: jukwaa peke yake, katikati peke yake, nyuma peke yake. Sisi tulikuwa na swichi moja kwa ukumbi mzima, hivyo kikao cha wanakamati wachache kiliwasha taa zote. Siku hizi wanawasha safu ya mbele tu.