Ndinga nne, geti moja na kichanga ndani

Ukipata mtoto Bongo halafu una gari za spoti uani, ushauri utakaopewa ni mmoja tu na kila mtu anautoa kama kaugundua yeye: uza zote, vuta Noah. Mjomba kasema, jirani kasema, fundi wangu mwenyewe anayelipia ada za watoto wake kwa hizohizo gari naye kasema. Sina ugomvi na Noah jamani, mlango wa kuteleza, unapakia ukoo mzima mnaenda Moshi Desemba, kiyoyozi mpaka nyuma. Ila hao washauri hakuna hata mmoja aliyeniuliza kati ya gari zangu ipi inabeba kiti cha mtoto na ipi haibebi. Mimi nimezipanga upya zote kwa hicho kiti, na zilizobaki sio zile nilizodhani zitabaki.

Kwa mliojiunga jana: uani kuna Toyota Altezza RS200, Subaru Impreza STI ya kizamani ile GC8, Mazda RX-8 na Toyota MR2 ya SW20. Zote nilizivuta enzi za ubachela, moja moja, hela ya kudunduliza, pamoja na ule ushuru wa uchakavu unaolipia gari ikishakuwa ya zamani. Wenzetu Kenya hata hiyo nafasi ya kulia na ushuru hawana, kule gari iliyopita miaka minane haiingii kabisa, ndio maana jamaa zangu wa Nairobi wakija Dar wakaona RS200 inakatiza Mwenge wanatoa simu kupiga picha.

Nianze na Subaru maana ndio imenifurahisha. Watu wakisikia STI wanawaza kelele na tochi za trafiki, wanasahau hii ni gari ya milango minne na ina buti la maana, na wala haikutokea hivyo kwa bahati. Enzi za rally za Group A sheria ilitaka kampuni itengeneze kwanza gari za kuuza mtaani kwa maelfu, mwanzoni 5,000 baadaye wakashusha mpaka 2,500, sasa utawauziaje watu wote hao gari isiyoingia hata mzigo wa sokoni? Subaru wakachukua sedani ya familia wakaipiga turbo na kuvuta tairi nne. Jina hilohilo la Impreza ndio Colin McRae alishinda nalo Safari Rally mwaka 1997, na ndio mimi naendea nalo kliniki buti limejaa pampasi.

Kukifunga kiti sasa ndio shughuli. Gari nyingi za miaka ya tisini hazina ISOFIX, zile ndoano za chuma zilizojificha katikati ya siti, kwa hiyo ukienda dukani usiuziwe kiti kinachotegemea ndoano tu, chukua kinachofungwa na mkanda wa gari. Nilikiweka nyuma upande wa kushoto, kinatazama nyuma, nikapitisha mkanda kwenye njia yake iliyowekwa alama ya bluu, nikapanda na goti juu yake nikakandamiza na uzito wangu wote huku navuta mkanda mpaka ukakataa. Unakishika pale mkanda unapopita unakitikisa, kikicheza zaidi ya inchi moja fungua anza upya. Tatizo kiti kinachotazama nyuma kinakula nafasi kinoma, siti ya mbele ikasogezwa mpaka mama mkwe magoti yakagusa dashibodi, akauliza kwa upole hivi hii gari mwanangu ilitengenezewa watu wa wapi. Siku hizi anakaa nyuma na mjukuu wake na ukimwambia apande mbele hataki.

Altezza nayo imepita, ila kwa masharti. Nyingi mnazoziona mjini ni AS200, injini ya 1G silinda sita, hii yangu ni silinda nne, ile 3S ya BEAMS, gia sita za kuingiza kwa mkono, na yule injinia aliyeongoza mradi wake, Nobuaki Katayama, alikuwemo pia kwenye AE86, ile Toyota ya spoti ya miaka ya themanini, kwa hiyo ukoo wake unajulikana. Milango minne, siti ya nyuma sio mbaya. Kilichogoma ni egzosi. Nilikuwa nimefunga bomba kubwa enzi hizo nikizunguka Masaki usiku, na mtoto ule ukali wa sauti ukipanda gia wala haumsumbui, kinachomuudhi ni lile vumo la chini gari ikiwa inatembea taratibu kwenye foleni, linaingia kifuani, analia kuanzia Morocco ya Kinondoni mpaka Tegeta. Nikalitafuta bomba la oriji lililokuwa stoo chini ya magodoro nikalirudisha. Kwenye grupu letu la WhatsApp nilichekwa wiki nzima, mmoja akanitumia picha ya Noah bila kuandika neno.

RX-8 sasa. Hii watu wengi hawajui, kiti cha mtoto kinaingia vizuri tu! Ina siti nne, na milango yake ya nyuma inafunguka kinyume, ukifungua na wa mbele unapata uwazi mmoja mkubwa hakuna nguzo katikati, unamweka mtoto bila kujikunja mgongo. Kwa kigezo cha kiti ilitakiwa ibaki. Kilichoiondoa ni geti. Uani kwetu gari zinapaki kwa kufuatana, geti moja, na injini yake ya rotari, ile isiyo na pistoni za kawaida, ina tabia yake, ukiiwasha ya baridi ukaisogeza mita tatu ukaizima, mafuta yanalowesha plagi na ukirudi kuiwasha inaweza kukataa kabisa. Kila anayeimiliki anajua, ukiiwasha iache ipate joto ndio uzime. Kwa hiyo mke wangu mama K akitaka kutoa gari ya nyuma saa kumi na moja alfajiri mtoto ana homa, mimi siwezi kuisogeza tu ile Mazda, inabidi niiwashe iungurume pale dirishani mpaka mshale wa joto upande, mtaa mzima uamke. Ni injini nzuri mno, lita 1.3 tu inazunguka mpaka 9,000, mwaka 2003 ilipewa tuzo ya kimataifa ya injini bora ya mwaka, na inakunywa oili kwa makusudi kabisa maana imeundwa hivyo, unapima stiki kila ukijaza mafuta. Mtu mwenye kichanga hapimi stiki kila akijaza mafuta. Nimemuuzia kijana mmoja wa Mbezi, hana mke, hana mtoto, ana uwanja mkubwa na anapima oili mpaka inakera. Ndiye anayestahili.

Ikabaki MR2, na hapa nilikuwa nimeshakata shauri kabla hata ya kuongea na mtu. Siti mbili, injini mgongoni kwako, nyuma ya siti hakuna pa kukaa mtu. Ukisema mtoto akae mbele badala ya mama, kama gari yako ina erbegi ya abiria usithubutu, kiti kinachotazama nyuma hakiwekwi mbele ya erbegi hai, ikifyatuka inakipiga kile kiti pale penye kichwa cha mtoto, hilo halina mjadala. Nikaipiga picha, nikaiandikia tangazo, Mazda ikiwa bado haijauzwa. Jioni namuonyesha mama K, akasoma akarudisha simu.

"Hii huuzi."

"Mama K, mtoto hapandi hii."

"Kwani nani kasema lazima apande? Hii ni ya kwangu na wewe. Uza ile Mazda inayoamsha watu."

Na kweli ndio gari niliyomfuatia nayo Bagamoyo enzi za uchumba, yeye ndiye aliyejifunza kuendesha gia za mkono humo, aliipeleka mwenyewe kwenye send-off ya dada yake. Wanaume tunapenda sana kuandika humu mitandaoni kwamba waifu ndiye adui wa ndinga. Mimi nadhani nusu ya hao wake hawajawahi kupewa funguo. Sasa bibi akija kukaa na mjukuu sisi tunatoka na MR2 asubuhi mapema, Bagamoyo mpaka Msata lami safi, tunakunywa chai ya maziwa tunarudi. Matuta ya vijijini tunayapita kwa ulalo, tairi moja moja, maana iko chini.

Sasa niongelee kitu ambacho naona ndio kinawamaliza wengi kuliko hela. Mtoto akija gari hazikufilisi mara moja, zinasimama. Unasema nitaiwasha wikiendi, wikiendi unalala kwa sababu usiku hukulala, na Dar haina huruma na gari iliyosimama, hasa ukikaa karibu na bahari. Diski za breki zinapiga kutu, betri inakufa, petroli inachacha kwenye tangi, lile kava la plastiki ulilolifunika linashika unyevunyevu chini yake mpaka bodi inavimba, na panya, jamani panya, wanapenda waya za injini sijui zina utamu gani. Tairi ndio za kuogopa zaidi maana zinaweza kuwa na kashata nzuri kabisa huku mpira umeshakufa. Angalia pembeni ya tairi, kuna namba nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT, ukikuta 3216 maana yake imetengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 2016, haijalishi imetembea kilomita ngapi. Zile za Altezza niliposoma tarehe yake nilizishusha siku hiyohiyo, siwezi kukifunga kiti cha mtoto kwa goti na uzito wangu wote halafu niko juu ya mpira uliopasuka nyufa kama kisigino.

Kitu kimoja kimetusaidia sisi wenye gari nyingi, ile ada ya mwaka ya road license ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo gari isiyotembea haikurundikii deni. Ila ndio hilohilo linawapumbaza watu wanaacha gari miaka inaoza kwa sababu haiwadai.

Uani penyewe pamebadilika kabla hata K hajaanza kutambaa. Mnajua tabia yetu, kuleni (ile ya kupoozea injini), oili ya breki, petroli ya kuoshea spea, vyote tunaweka kwenye chupa za maji ya kunywa. Kuleni ina rangi kama juisi, na ni tamu, na ni sumu ya kuua, figo zinakwenda. Chupa zote zile nimezitupa. Kilichobaki kiko kwenye madumu yake yenye maandishi, juu kabisa, kabati lina kufuli na funguo anayo mama yake. Jeki haibaki imenyanyua gari nikiingia ndani hata kama ni kunywa maji tu. Mikono naosha na sabuni ya unga na sukari, dawa ya mafundi wote wa Ilala, ndio namshika mtoto, na shati la gereji haliingii chumbani. Hii ya shati ni amri ya bibi.

Muda tumekubaliana Jumamosi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu ni za gari, baada ya hapo nikikutwa chini ya bodi nimevunja mkataba. Zikitosha zimetosha, bolti ikiwa imegoma inagoma mpaka wiki ijayo. Hela nayo ina ukuta wake, spea inanunuliwa na spea. Niliuza rimu za RX-8 zilizobaki nikapata klachi ya Subaru, turbo ya ziada niliyoiweka tangu ubachela imelipa bima kubwa ya gari mbili anazopanda mtoto. Hela ya maziwa haijawahi kugusa injini na mama K hajawahi kuniuliza, ingawa najua anahesabu.

Kuna wanaonishangaa kwa nini basi nisiuze na hizi tatu nipumzike. Wamarekani wakishaiona gari ya Japani imefikisha miaka 25 wanaruhusiwa kuiingiza kwao, Altezza za kwanza za 1998 zimeshafika huko, na minada ya Japani bei inaonyesha. Ukiuza leo kwa hasira za usingizi, kuirudisha utahitaji kuuza na kiwanja. Hapo sijaongelea ushuru.

Kazi iliyobaki ni springi za Subaru. Aliyenitangulia aliweka ngumu za mbio, mimi na mama yake tunavumilia, ila kwenye yale mashimo ya njia ya kwetu kichwa cha mtoto kinatikisika hata nikienda kwa gia ya kwanza. Natafuta springi na shokapu oriji za GC8, nne kamili, mwenye nazo Dar au hata Arusha aweke picha hapo chini. Zilizokatwa na grainda sitaki hata kuziona.