Tupa ndiyo iliyokuwa inakula ncha zangu

Mwaka wangu wa kwanza wa kujitegemea, nikitengeneza redio na amplifaya kwenye kibanda changu hapa Morogoro, niliua ncha tano za chuma cha kulehemu. Ya tano ilitoboka. Ukiitazama kwa mbele ilikuwa kama jino lililooza: pembeni ganda gumu, katikati shimo. Nikamfuata muuza vifaa nimefura, nikamwambia anatuuzia feki. Akaniuzia ya sita, tena kwa bei ileile.

Aliyenifumbua macho ni binti anayetengeneza simu kibanda cha pili. Alikuja kuazima multimita.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, karibu."

"Samahani, hiyo tupa hapo mezani ni ya nini?"

"Ya kusafishia ncha."

Akacheka, halafu akaziba mdomo kwa heshima. "Basi kaka, ndiyo inayokula hela yako."

Kwa kweli niliudhika kidogo. Tupa nilifundishwa na mzee aliyenipa ufundi, na yeye alitengeneza redio tangu zama za valvu. Ncha ikiwa nyeusi, anaipiga tupa hadi shaba ing'ae, anaichovya kwenye rozini, ule utomvu mkavu unaosaidia lehemu kushika, anaipaka lehemu, kazi inaendelea. Niliona kwa macho yangu ikifanya kazi.

Na mzee hakukosea. Ncha zake zilikuwa shaba tupu, kipande kizima. Unazinoa kama jembe, zinazidi kuwa fupi, basi. Hizi za siku hizi zina shaba ndani kwa ajili ya kupitisha joto, lakini juu zimevikwa utando mwembamba wa chuma, na nyuma ya sehemu ya kufanyia kazi kuna kromu ili lehemu isipande juu. Utando ule wa chuma ndio roho ya ncha. Bati lililomo kwenye lehemu likiyeyuka linaila shaba kama chai inavyokula sukari, ila chuma linakila polepole sana. Ukipiga tupa au msasa, umeufungulia bati mlango. Ndiyo maana ncha yangu ilibaki ganda: kilicholiwa ni shaba ya ndani.

Tupa nikaiweka chini siku hiyo. Lakini ncha ya sita nayo ikaanza kuwa nyeusi na kukataa lehemu, lehemu ikawa inajikunja kuwa vitone na kudondoka, kama maji kwenye jani la mgimbi. Hapo nikaelewa kwamba tupa ilikuwa nusu ya ugonjwa. Nusu nyingine ilikuwa tabia yangu ya kuacha chuma kwenye umeme asubuhi mpaka jioni. Changu kilikuwa cha wati 60, kisicho na kidhibiti joto, na kikikaa bila kazi kinapita nyuzi 400. Lehemu ya 60/40 tunayotumia (bati 60, risasi 40 katika kila mia) inayeyuka kabla hata ya nyuzi 190. Joto lote lile la ziada linachoma ncha bure.

Dawa niliyoanza nayo ilikuwa ya bei ya chai: daiodi moja ya 1N4007 na swichi. Daiodi inakata nusu ya wimbi la umeme, chuma kinapata nusu ya nguvu, kinabaki cha moto ila si moto wa kuchoma ncha. Nikitaka kulehemu nabonyeza swichi, umeme unaipita daiodi pembeni, baada ya muda mfupi kiko tayari. Niliifunga ndani ya kiboksi cha plastiki, kwa sababu ule ni umeme wa ukutani, si mchezo. Baadaye nilinunua stesheni ya kulehemu yenye kidhibiti joto, na huwa naiweka 330 au 340. Sehemu pana ya shaba kwenye bodi ikigoma kupata moto, nabadilisha ncha niweke nene badala ya kupandisha joto. Hili lilinichukua muda kulikubali.

Kuhusu usafi, sponji nilikuwa nayo siku zote, ila nilikuwa naifurikisha maji hadi chuma kinalia "chwaa". Mshtuko ule wa baridi unaufanya utando upasuke taratibu. Sasa naikamua hadi isidondoke. Mara nyingi zaidi natumia nyuzi za shaba nyeupe zilizosokotwa, zinafanana na stilwaya ya kusugulia sufuria lakini ni laini. Stilwaya yenyewe usithubutu. Na nafuta ncha pale ninapotaka kulehemu, si ninapomaliza. Nikimaliza naiacha na tone nono la lehemu, ndipo nazima. Tone lile ndilo linaloliwa na hewa, ncha inakaa chini yake salama. Asubuhi nalipangusa, chini kunang'aa kama fedha.

Ncha ikishakuwa nyeusi, naipa nafasi kabla ya kuitupa. Naweka joto la chini, naichovya kwenye rozini, naizamisha kwenye lehemu nyingi, nafuta, narudia. Wakati mwingine mara kumi. Ile pesti ya asidi ya mafundi bomba na bati haiingii mezani kwangu: inakula ncha, na ikibaki kwenye bodi inakula njia za shaba pia.

Kosa moja sijalisahau. Chuma changu cha kwanza sikuwahi kukichomoa ncha hata siku moja. Siku nilipotaka kuibadilisha ilikuwa imeganda ndani ya bomba lake kwa magamba meusi. Nikaivuta kwa koleo, nikazungusha, nikasikia "ka". Hita ilikatika. Tangu hapo, kila baada ya wiki chache, chuma kikiwa kimepoa, nalegeza skrubu, natoa ncha, nagonga magamba yatoke, narudisha hadi iguse mwisho. Magamba yale pia yanazuia joto, kwa hiyo ukiona chuma kimekuwa kizito kupata moto, anzia hapo kabla ya kulaumu umeme.

Ncha niliyonayo sasa ina mwaka na miezi. Tupa bado ipo, nasugulia vishikio vya betri vilivyoota kutu kwenye redio za kijijini. Juzi yule binti alikuja kuiazima. Nikamuuliza mara mbili anakwenda kupiga nini.